Siku mama alipofunga bomba la maabara

Butembo, Alhamisi jioni. Ukungu umekaa juu ya mji tangu asubuhi, na baridi ni ile inayonifanya mimi, mtoto wa Beni, nivae sweta mbili na bado nilalamike. Leo silalamiki. Leo moyo umetulia kama sufuria iliyoepuliwa motoni.

Nianze mwanzo, maana kichwa bado kinazunguka.

Mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, ni juu ya kafeini: kuitoa katika kahawa, kisha kuisafisha mpaka iwe nyeupe. Kahawa ilitoka shambani kwa mjomba, upande wa Eringeti, na siku hizi, kwa hofu ya waasi, huko mtu haendi kuvuna anapotaka. Nilikuwa nimebaki na unga wa kafeini wa kijiko kimoja tu, mchafu, rangi ya majani makavu. Majaribio ya kwanza niliyaunguza mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, najua, msinikumbushe. Na profesa anayenisimamia, promoteur wangu, alikuwa anasafiri leo mchana. Kama asingeona fuwele safi kwa macho yake, ningesubiri mwaka mwingine.

Mwaka mwingine tena.

Mama alipanda kutoka Beni jana kununua vitenge. Akasema hashuki kabla hajaiona kazi hii inayomkondesha mwanawe. Basi leo nikamkalisha kwenye kiti cha labo, na mtandio wake wa sikukuu, nikaendelea.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaweka unga chini ya chupa ya kioo, unanyonya hewa yote, unapasha moto polepole. Kafeini haiwi maji. Inapanda kama mvuke na kuganda juu, kwenye kijibomba cha kioo chenye barafu ndani, tunachokiita kidole baridi. Uchafu unabaki chini. Pampu ya umeme hatuna. Hewa tunainyonya kwa maji: yanapita kwa nguvu kwenye kifaa kidogo kilichofungwa bombani na kuivuta hewa yaende nayo. Kwa hiyo bomba lazima liwe wazi muda wote. Maji yanayotoka tunayakinga kwenye bidoni, dumu la plastiki, maana Butembo hakuna anayemwaga maji safi hivi hivi.

Sindano nyeupe zilianza kuota kwenye kidole baridi. Nikatoka mbio kumwita promoteur kabla hajaondoka.

Juu ya bomba, mama sikumwambia kitu.

Bidoni likajaa, maji yakaanza kutapakaa sakafuni. Mama, ambaye amepanga foleni ya maji tangu utoto wake, alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Aliinuka akafunga.

Niliporudi, promoteur nyuma yangu, nilisikia kimya. Bomba likifungwa hivyo, chupa isiyo na hewa inayanyonya maji yarudi kinyumenyume. Niliyaona kabisa, yanatambaa ndani ya mpira unaounganisha bomba na chupa, kuelekea kwenye fuwele zangu. Hasira ikanipanda. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, neno ambalo mtoto hamwambii mamake.

"Mayi ilikuwa inamwangika bule, njo nilifunga," mama alisema. Alikuwa ameinama anapangusa sakafu kwa kitambaa chake mwenyewe.

Nikalimeza neno langu.

Maji yaliishia kwenye chupa ya kinga, ile inayowekwa katikati ya bomba na fuwele ili kuyanasa. Mwenzangu wa labo, Kavira, ndiye aliyenilazimisha kuiunganisha asubuhi, nami nikamcheka kwamba anapenda kujihangaisha. Nikazima moto, nikalegeza koki ya hewa kidogo kidogo, maana hewa ikiingia kwa kishindo inaangusha kila kitu. Sindano chache zilidondoka. Nyingine zote zilibaki.

Promoteur alisogea karibu. Alizikwangua, akaweka chache kwenye kijibomba chembamba, tukazipasha moto tukitazama kipimajoto. Fuwele chafu huyeyuka mapema na ovyo. Zangu zilikaa, zikakaa, halafu zikayeyuka kwa pamoja, pale pale vitabu vinaposema.

"Bon, ni safi," alisema. "Utadéfendre session hii." Yaani nitaitetea mémoire yangu mwaka huu huu.

Nilimweleza mama kwamba nimemaliza. Hakupiga vigelegele. Alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Sasa naweza ambia batu?"

Nikamuuliza kuwaambia nini. Kumbe miaka yote hii, jirani wakimuuliza habari zangu, anawajibu kwamba niko Butembo namsaidia shangazi dukani. Hakutaka wanicheke siku nitakaposhindwa. Nami nilipomsikia hayataji masomo yangu mbele za watu, nilidhani anaionea haya kazi yangu. Iliniuma kwa muda mrefu, na sikuwahi kumuuliza.

Nililia pale pale, mbele ya Kavira aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. Nikamwambia mama aambie kila mtu, aanze na dereva wa gari la kumrudisha Beni.

Amefika Beni salama, alhamdulillah. Tangu saa hiyo simu yangu haijapumzika. Wananipigia jirani ambao sijawasikia tangu niondoke nyumbani, wananipongeza kwa mambo wasiyoyajua, na nyuma yao namsikia mama, bado anaeleza habari za sindano nyeupe.

Kesho nitaswali alfajiri kisha nirudi kulala bila aibu. Jioni hii, acha wapige.