Sikio la Moraa

Muhuru Bay, 4 Machi 1996

Awino, mke wa Nyamongo,

Mko aje huko? Mimi niko, magoti tu. Naandika mwenyewe, darasa la pili linanitosha kukugombeza.

Wangwe, anayenipelekea dagaa wangu, omena, Homa Bay kwa pikapu, ameniambia mambo. Eti hospitalini walimdunga Moraa mgongoni wakatoa maji, wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Hilo nikalikubali. Sasa eti wamepata bakteria aina mbili! Ugonjwa mmoja, aina mbili? Hao wamechanganya chupa yake na ya mtoto wa wenyewe, na wewe umekaa hapo, "ndiyo daktari, ndiyo daktari." Ijumaa Wangwe anakuja. Mpe mjukuu wangu amlete kwangu. Nyamongo akirudi kutoka Tanzania nitamweleza mimi.

Mama mkwe wako, Mong'ina

Homa Bay, 8 Machi 1996

Mama,

Salamu nyingi, na pole kwa magoti. Wangwe anarudi na barua, mtoto hapana.

Hakuna chupa iliyochanganywa. Walitoa maji tena, wakaona aina zile zile mbili. Si hata wewe unajua wavu wa omena unavyotoka na samaki wengine, fulu, ndani? Dawa ya kwanza iliua aina moja, nyingine ikabaki, ndiyo maana homa haikushuka. Sasa anadungwa dawa mbili. Bado hanitambui.

Daktari anasema bakteria hao waliingilia sikioni, kwenye usaha. Akauliza usaha ulianza lini na sikio lilitiwa nini. Nikasema wiki mbili, hakutiwa kitu. Niliogopa kukutaja. Lakini kama ni wa siku nyingi, huenda mfupa nyuma ya sikio umeoza, na lazima apasuliwe Kisumu, la sivyo homa itarudi. Mama, Moraa alikaa kwako tangu Novemba hadi mwezi uliopita. Niambie ukweli.

Binti yako, Awino

Muhuru Bay, 9 Machi 1996

Awino,

Habari ya afya utanipa wewe, mimi sina.

Uliogopa kunitaja? Mimi ni nyoka? Unamdanganya daktari na mtoto amelala hivyo!

Usaha ulianza kabla ya Krismasi. Nilisema ni uchafu, uache utoke. Kila jioni nililiosha sikio kwa maji ya ziwa, ya vuguvugu, nikaziba na pamba. Alipolia kichwa nikamwambia aache kudeka. Sikukuambia kwa sababu ungekuja kumchukua.

Wangwe amewasha gari, ananiharakisha. Msomee daktari yote. Na jina langu lisome.

Nyanya yake Moraa

Kisumu, 2 Aprili 1996

Mama,

Hatujambo. Daktari aliposikia barua yako, siku hiyo hiyo alitutuma huku. Walimpasua, wakatoa mfupa uliooza. Homa imekwisha. Jana alikula ugali, akauliza kama kuku wako ametotoa.

Sikio la kushoto halisikii tena, na wanasema halitarudi.

Tunakuja Jumapili. Ukimwita akapita bila kuitika, usiseme ana kiburi. Zunguka upande wa kulia, umwite tena.

Binti yako, Awino