Jembe la Kwanza la Mjomba

Mount Druitt, Sydney
Juni 16, 2025

Mpendwa mpwa wangu Aksanti,

Salamu katika jina la Bwana. Umelala? Umekula? Jibu nalijua, ila mjomba lazima aulize. Sisi huku tu wazima, baridi imeingia, na machozi ya kumlilia dada yangu Léocadie, mama yako, bado hayajakauka.

Umetaka neno langu juu ya maziko yake kwa maandishi, lisomwe kwenye matanga huko Texas. Umefanya vema. Sauti ya simu kila mmoja huisikia anavyopenda.

Jumamosi tulikutana Merrylands, kwa binamu yetu Égide. Wote walisema mwili lazima urudi kwetu Kamanyola, marehemu asilale ugenini. Nilipouliza nani wetu amebaki Kamanyola wa kumpokea, kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Viatu vizuri kweli.

Basi nikawasimulia mji wenu wa Pruett Wells, kama mama yako alivyonisimulia. Kibao cha barabarani kinasema mji uliletwa na reli. Ni sawa, wenye reli ndio walioweka kibao. Lakini bibi mmoja wa kanisani alimweleza mama yako mengine. Familia ilikuwa inapita na gari la ng'ombe, ikielekea magharibi, mtoto wao akafa kwa homa. Mama yake akagoma: "Siendi mbele nikamwacha peke yake hapa." Wakachimba kisima karibu na kaburi, wakabaki. Reli ilikuta watu tayari.

Ndipo ikaja pamba. Pamba ikaisha, treni ikaacha kusimama, vijana wakaondoka, shule ikafungwa. Kisha kiwanda cha kuku, kisha ninyi mkaja kutoka kambi ya wakimbizi na watoto wenu, shule ikafunguliwa tena. Siku hizi kwaya yenu inaimba Kiswahili, na wazee wa huko wanapiga makofi nje ya mdundo. Lakini wanapiga.

Kwa hiyo neno langu, kaka wa marehemu, ni hili: mama yako azikwe hapo hapo. Égide amenuna. Atapona.

Jembe la kwanza la kaburi ni la mjomba, hilo unalijua. Mimi siwezi kufika. Nakukabidhi wewe, piga udongo kwa mkono wangu. Na watu wa huko wakikuuliza tena umetoka wapi, wapeleke makaburini.

Nisalimie mkeo Divine, na mzee Venant atakayesoma barua hii, mwambie asiharakishe. Mungu aliyempa dada yangu safari ndefu hivi, sasa ampe kulala.

Mjomba wako akupendaye,
Mirindi