Picha Moja Imebaki Kashuga

Siku ya Mungu, 9/3

Misa haikuwa. Padiri alibaki ngambo ingine ya barabara, na barabara imefungwa. Hakuna anashuka Goma, hakuna anapanda. Réseau ya telefone imekufa. Tuko hapa sawa kuku ndani ya kikapo.

Drocella amekohoa usiku mzima. Asubui nimemupa uji, amesema haina sukari. Nimemwambia: sukari iko Goma, enda uchukue. Amecheka vibaya. Muguu yake moja haisimame tena.

Watu wanashangaa namna tunakaa nyumba moja. Mimi Athanasie, bibi wa ndoa ya kanisa. Yeye, deuxième bureau, bibi wa inje wa bwana wangu, miaka mingi, nyumba yake Kingi, na kila mutu alijua. Ule bwana, Nizeyimana, akakufa. Vita ikamukimbiza Drocella mpaka kwa mulango wangu na sufuria moja kichwani. Ningefanya nini? Ningemufukuza, sura yangu ingebaki wapi?

Nimepanguza apareyi ya Nizeyimana. Ile ya picha ya palepale, unafinya, inatema karatasi, sura inakuya yenyewe. Ndani filme imebaki moja tu.

Siku ya pili, 11/3

Minawaza Isidore, kule Hombo. Tuko watatu tu tunashikilia hii kazi ya picha ya palepale: Isidore, Généreuse wa Goma, na mimi. Kiwanda cha filme kilifunga zamani, watu wakatupa apareyi zao kwa batoto wachezee. Sisi hapana. Kisha wenye kichwa nguvu kule Ulaya wakaanza kutengeneza filme tena, na kaka ya Généreuse anatuma moja moja. Isidore anafungua apareyi zenye kufa na kuzifufua na kisu cha kumenyea mihogo. Tunatumiana picha kwa mikono ya dereva wa camion. Zake za Hombo zinatoka nyekundu, juu ya joto ya pori. Zangu zinatoka bluu, juu ya baridi ya huku. Ananichokoza: Mama Athanasie, kwenu hata mbuzi inaonekana maiti. Mimi namwambia: kwenu hata padiri anaonekana mulevi.

Njo maana mimi naweka picha kifuani, katikati ya maziwa, mpaka iive. Kwa baridi ya Kashuga, usipoipasha moto, haitoke muzuri.

Neno la mwisho la Isidore, mbele barabara ifungwe: usipige hata moja bure. Sijui ingine itapita wapi.

Siku ya tatu, 12/3

Leo Commandant amekuya. Ule anakaa na watu wake kwenye nyumba ya masomo. Kijana wa umri ya wajukuu wangu, na anatembea sawa mwenye kilima.

Nani alimwambia juu ya apareyi? Hii Kashuga haina mudomo wenye kufungika.

Anataka picha. Nimemwambia, Papa, uko na telefone kubwa kuliko Biblia yangu. Amesema picha ya telefone inatembea, inafika kwa maadui, wanajua sura yako. Hii yako, Koko (ananiita sawa nyanya yake), haina pacha. Inabaki ndani ya mufuko. Ataituma kwa mama yake.

Mutu mwenye bunduki, na mama yake anataka picha.

Atarudi siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, amesema, atakuwa amenawa. Kama picha haiko, anachukua apareyi, na nyumba pia, juu watu wake wanalala kwa baridi.

Nyumba. Na Drocella nitamubeba kwa mugongo niende wapi?

Siku ya ine, 13/3

Drocella alisikia yote kupitia ukuta. Masikio yake hayana ugonjwa.

Asubui ameniita. Athanasie, anasema, mimi sina picha. Carte yake yenye sura ilibaki Kingi na nyumba ikaungua. Picha zote Nizeyimana alipiga, hakuna hata moja yenye sura ya Drocella. Bwana alitaka kumupiga picha, yeye akakataa: apareyi ilikuwa inakaa kwa bibi wa ndoa, na yeye hakutaka sura yake ilale ndani ya nyumba yangu. Kiburi ya bure!

Sasa anaitaka. Huku kwetu mutoto wa nyumba anatangulia sanduku na picha ya marehemu mikononi, watu wanaona ni nani anapita. Anasema: nitazikwa sawa mutu wa njiani. Watauliza ni nani, na wewe njo utawajibu, na najua namna utajibu.

Nimemwambia anyamaze, hajakufa. Nimetoka inje kupepeta maharagi. Yalikuwa yamesha pepetwa.

Siku ya tano, 14/3

Nimemupiga Drocella.

Nilimutoa inje kwenye jua, nikamukalisha na mito mugongoni, nikamupa kitenge changu cha Pasaka. Amesema rangi yake ni ya wazee. Nimesema tucheke kidogo. Amesema hacheke mbele ya apareyi ya bwana ya mutu. Bwana ya mutu! Nimefinya mbele abadilishe neno.

Imetoka. Nimeiweka kifuani mbio. Lakini leo mvua ya mawe ilikuya palepale, baridi imeingia mpaka kwa mifupa, na picha iko inatoka polepole, kama iko na haya. Kivuli tu. Nitalala nayo.

Na Commandant? Niko na mukebe ya maziwa ya unga, ndani mumelala picha zangu zenye kufa, zile zilitoka nyeusi tititi. Isidore ananichekaka: unaweka maiti za nini? Leo nimechukua mbili, nikazirudisha ndani ya kasha ya filme, juu kasha njo inabeba pile, moto wa apareyi, na pile ingali na nguvu. Nilipofunga apareyi, imetema ya juu, sawa desturi yake. Ya pili, ya Commandant, imebaki inangoja kidole.

Drocella ameniangalia bila kupepesa. Amesema: watatuua. Nimesema: atachukua nyumba kama hapana. Amesema: basi paka apareyi mafuta, isipige kelele mubaya.

Siku ya posho, 15/3

Amekuya. Amenawa, viatu vinangaa. Amekaa kwenye kiti changu cha kanisa, bunduki kwa magoti. Nimefinya. Apareyi imelia, imetema. Ameikamata na kuitikisa, sawa wote wanafanya. Nimemufokea: acha, haiko thermomètre. Weka kifuani, baridi ya huku inaichelewesha. Amefungua bouton ya shati na kuiweka. Ametii sawa mutoto.

Nimeingia ndani kuangalia yangu. Paji la uso limekuya. Kisha macho. Kisha ile mudomo yake ya kudharau. Bluu kidogo, lakini ni yeye, hakuna atauliza. Nimemuonyesha Drocella. Amesema: umenifanya muzee. Nimesema: uko muzee. Ameishika na mikono miwili.

Na yake, ule wa inje? ameuliza. Yake iko inakuya, nimesema. Amecheka mpaka kikohozi kikamubeba, nimemufunika mudomo na kitenge.

Inje: Koko, bado iko nyeusi.

Rudisha, nimemwambia. Kifua yako iko baridi. Kwa wengine inakawia.

Ameita mutu wake alete makala ya moto. Makala hayako. Basi ameinama, amepita mulango, ameingia. Yuko hapa sasa, kwa jiko yangu, mukono ndani ya shati. Drocella ameweka picha chini ya mugongo wake na kufunga macho.

Ananiuliza, Koko, unaandika nini? Nimesema: saa ya dawa ya mugonjwa.

Anasema niandike pia saa picha yake itatoka, mama yake atapenda kujua.

Naandika: bado.