Zabibu za Mama Njambi

Peres uko? Nimefutwa kazi. Ni juu ya zabibu, usicheke bado.

Unajua lile shamba dogo la zabibu la Mama Njambi hapa Kabiria. Mwezi wa nne nilimwambia tukate matawi, ndio tuvune mwezi huu wa tisa. Akasema, "Wewe na darasa la nane lako utanifunza?" Tukakata mwezi wa saba, na zabibu hutaka miezi mitano baada ya kukatwa. Sasa ni majani tu, na alishaalika akina mama wa kanisa waje leo kuvuna.

Kuvuna nini?

Jana akanituma soko la Ngara ninunue zabibu. Mwenye shamba la zabibu ananunua zabibu, Peres. Nikazifunga kwa matawi, kishada kwa kishada, na ule uzi mweusi wa kushonea weaving ya nywele ulioniachia.

Leo wamekuja na vikapu. Mama Njambi anawaambia, "Hizi nimezilea kwa maombi." Kwa maombi, na mimi nimesimama hapo vidole vimekatwa na uzi.

Kuna mmoja, Anita, ana saluni Kenyatta Market. Akavuta kishada, akaangalia uzi, akauliza polepole, "Mama Njambi, huu mti wako umesukwa wapi?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Njambi akaninyooshea kidole: "Ni huyu msichana amenidanganya. Toka kwa shamba langu."

Nikatoka.

Saa hii amenipigia na sauti ya asali, eti nirudi kesho nimuonyeshe matawi hukatwa lini na vipi. Nimemwambia, "Wewe endelea tu na maombi, mama."