Mama Furaha kwenye Majabali ya Idjwi

Papa,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina neno: Maman alivuka ziwa. Ndiyo, huyo huyo Maman, mke wako, aliyekuwa akipita kando ya maji pale Nyalukemba huku ameshikilia kuta za nyumba za watu. Alipanda boti, akavaa jileti ya kuelea juu ya kikwembe, kile kitenge chake cha kijani, akafumba macho toka Bukavu mpaka kisiwa cha Idjwi. Mimi nilikuwa pembeni yake, na hata sasa ninapoandika ninacheka peke yangu.

Lakini nisikimbie. Haya yana mwanzo wake, na mwanzo haukuwa wa kucheka.

Baada ya kukuzika, nyumba ilikuwa nzito. Mimi sikulia mbele ya watu, unanijua, nilikuwa mkali tu, nikagombana na aliyetengeneza msalaba, na jirani, na kila aliyeniambia "ni mapenzi ya Mungu." Maman yeye hakugombana na mtu. Aliacha kwaya. Bugali alikuwa akiugusa kwa kidole, vidagaa vya sambaza anamwachia paka. Alikaa barazani mchana kutwa na kile kitambaa cheusi cha ujane kichwani, na nikimuuliza anawaza nini, ananijibu polepole: "Nangojea zamu yangu, mutoto wangu." Nilikuwa nimepoteza mmoja. Sikuwa na nguvu ya kumpoteza wa pili huku ninamwona, huku ninampikia uji.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Tonton Deo akaja na mipango ya kumaliza kilio. Unamjua ndugu yako. Viti vya kukodi, mbuzi wawili, fanfari ya matarumbeta, na yeye mwenyewe ndiye atakayemvua Maman kitambaa cheusi mbele ya ukoo mzima, picha zikipigwa. Alikuwa bado anahesabu wageni kwa vidole Maman aliposema kutoka kwenye kona yake: "Viti nimeisha kukalia. Munipeleke kule kwa ndege."

Kule kwa ndege ni kwako, Papa, kule juu ya majabali ya Idjwi ulikokuwa ukienda kila vakansi kubwa, shule zikifungwa, mwalimu mzima wa jiografia na fimbo yako, siku tatu kutembea na kuangalia ndege weusi wa ziwa wenye kifua cheupe. Mtaa mzima ulikuwa unakucheka: mutu anapanda milima kuangalia ndege hata hailiwe! Na Maman katika miaka yote hiyo hakukusindikiza hata mara moja, kwa woga wa maji. Tonton akamwambia: "Mama Furaha, uko na goti yenye haipande hata ngazi ya kanisa!" Maman akajibu: "Goti ni yangu." Tonton akanuna siku tatu.

Nikuambie kweli? Nilifikiria mabaya. Mtu anayengojea zamu yake anaomba kupelekwa mahali ambapo mwamba unakatika wima mpaka majini. Sikulala vizuri wiki hiyo. Lakini lilikuwa jambo la kwanza aliloomba tangu uondoke, Papa, na mimi sikuweza kusema hapana.

Basi tukaenda, sisi wawili. Boti ilituacha kwenye kile kijiji cha mananasi ulikokuwa unashukia, na toka pale nikatangulia mbele, kifua nje, kama chifu. Si nilikuja na wewe mara tatu nikiwa msichana? Njia ninaijua! Tukapita migomba, tukapita chemchemi, mawe yakaanza. Kila mara Maman alikuwa anasema kitu nyuma yangu, "Furaha, ngoja, pale hapana," na mimi namjibu bila kugeuka: "Maman, tunza pumzi yako, njia naijua." Ee, kiburi changu! Ukungu ulikuwa unapanda kutoka ziwani, njia inazidi kuwa nyembamba, nami nazidi kuongeza mwendo.

Nilipogeuka, Maman hakuwepo.

Niliita "Maman!" Nikaita jina lake la ubatizo, ambalo sijawahi kulitamka mbele yake maishani mwangu. Ndege wote wakaruka kutoka kwenye mwamba kwa pamoja, mabawa yakipiga, makelele, na mimi nikarudi nikikimbia na kuanguka, nimechubuka magoti yote mawili. Nilifika ukingoni mwa mwamba, nikalala kifudifudi kuchungulia chini. Papa, nilikuwa natafuta kikwembe cha kijani kwenye maji. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamwambia nini Tonton, na wewe nitakuambia nini.

Halafu nikasikia kicheko. Kicheko cha Maman, kile cha kupitia puani, ambacho nilikuwa nimeanza kukisahau. Kinatoka chini yangu kidogo, mkono wa kuume. Nikachungulia. Amekaa kwenye jiwe pana, miguu ameinyoosha, pembeni yake mama mmoja wa kijiji na kapu lake, wanakula nanasi! Akaniangalia mimi niliyejaa udongo na machozi, akauliza: "Ulipitia wapi, weye?"

Njia niliyoifuata ilikuwa ya mbuzi, Papa. Ya kwako inakata kuume baada ya chemchemi, pale jiwe lilipopasuka, ambako akina mama wa kijiji wanapita na mizigo yao. Mimi niliyeitembea mara tatu sikuikumbuka. Maman ambaye hajawahi kuikanyaga aliijua yote. Maana kila uliporudi, ukimaliza kuosha miguu, ulikuwa unamsimulia: hapa unainama, hapa unashika mzizi, hapa unapumzika. Sisi watoto tulikuwa tunapiga miayo. Yeye anachambua maharagwe, anaitika "ee", "ee", na sisi tukidhani hasikii. Kumbe ulikuwa unamtembeza miaka yote hiyo, jiwe kwa jiwe, na hakuna aliyejua isipokuwa ninyi wawili.

Ndege wakarudi, mmoja mmoja. Maman akaanza kunionyesha: yule anakausha mabawa, yule bado mtoto, ona kifua chake hakijawa cheupe vizuri. Nikawa namsikiliza tu. Kisha akasimama, akaongea na wewe kwa sauti ya kawaida, kama vile uko chumba cha pili. "Baba Furaha, nimefika. Ulisema kweli yote. Ila upepo hukuniambia." Akavua kitambaa cheusi kwa mkono wake mwenyewe, akakikung'uta, akafungia nanasi lililobaki. "Tulibebe, tusiliache hapa lioze." Basi. Hakuna fanfari, hakuna picha. Ndipo mimi nilipolia, Papa, kilio chote cha mwaka mzima, na yule mama wa kijiji akanifuta pua na kikwembe chake kama mtoto mchanga.

Sasa habari za nyumba. Maman amerudi kwaya na ameshagombana na mpiga ngoma. Bugali anakula na anaomba kuongezewa. Jana alinirudisha sokoni kwa sababu nyanya nilizonunua ni laini, nikaenda nikinung'unika na moyo umejaa furaha. Goti lilimvimba siku nne, akalikanda kwa maji ya moto na hakulalamika. Tonton Deo alipomwona kichwa hakina kitambaa alifungua mdomo, akaufunga, halafu akauliza kama kule kwenye boti kuna jileti ya ukubwa wake. Wajane wawili wa kwaya nao wanataka kwenda. Tutarudi vakansi kubwa, na Maman ameshanunua viatu vya kamba, vya kiume, anavitembeza barazani ili vilainike.

Nakuahidi hivi: safari hiyo nitatembea nyuma yake, mdomo nimeufunga, na akisema kata kuume, nitakata kuume.

Lala salama, Papa wangu. Nimekukosa sana, hilo sitalificha. Lakini nawe nifanyie jambo moja. Najua unampenda, najua huko unajisikia mpweke, na kwamba ungetaka akae hapo karibu yako akuitikie "ee", "ee". Usimwite bado. Mimi ndiyo kwanza ninaanza kumsikiliza.

Mutoto wako,
Furaha