Kampeni ya Obwona Inanitaka Nije na Mume

Mama Nabintu mpendwa, nimeshindwa peke yangu ndiyo maana naomba shauri lako, na tafadhali usinijibu kwa upole, upole nimeshaupata wa kutosha hapa Nateete na haujanisaidia kitu. Mimi ni mke wa mwenye duka la vitambaa, asubuhi nafundisha wasichana Kurani, na mwaka huu kwa mara ya kwanza nimempenda mgombea, Mwalimu Obwona, yule mkuu wa shule mstaafu anayetaka urais, maana yeye ndiye anayesema wazi kwamba vijana wetu wanamalizwa na kamari na pombe kali ya waragi, na kwamba baba anayetelekeza watoto ashtakiwe, na kama yeye Mkristo na mimi Mwislamu sijali, maneno hayo nimeyasema miaka yote na hakuna aliyenisikiliza. Basi nikajitolea niwe wakala wake, yaani nikae kituoni siku ya uchaguzi nilinde kura zake zisiibiwe, nikidhani watanipokea kwa mikono miwili.

Mume wangu Rayyan alipopata habari alicheka kwanza, akasema rais aliyepo hang'oki kwa mahubiri, na kwamba ukoo wao tangu mababu walipofika hapa kutoka pwani na marobota yao humwombea dua aliye kwenye kiti, yeyote yule, wakapika pilau, wakafungua maduka yao kwa amani, sasa mimi ni nani wa kuwaletea balaa, nami nikamjibu kwamba dua ni dua na kura ni kura, hapo kicheko kikamwisha, akaniambia siku nitakayokaa kituoni kama wakala wa Obwona nipitilize moja kwa moja kwetu Lubaga, nisirudi kwake. Nikameza, Mama, nikaenda ofisi ya kampeni hivyo hivyo. Na huko ndiko nilikochomwa zaidi, kwani mratibu wao, mwanamke mwenzangu anaitwa Akidi, alinitazama juu hadi chini akaniambia kampeni hii ni ya kulinda familia, kwa hiyo kila wakala aliyeolewa aje na mumewe aseme mbele ya watu kwamba amemruhusu, ndio utaratibu, hata mume wake yeye alikuja.

Sasa nifanyeje? Kaka yangu Abdulghani yuko tayari kwenda nami ajifanye mume, pale hawamjui. Na kubwa kuliko yote niambie, wewe unayesikia watu wa kila namna: huyu mtu anaweza kweli kumwondoa rais, au nitavunja nyumba yangu kwa ajili ya mtu wa kushindwa? Ila kunyamaza siwezi, hilo ulijue kabisa.

Shifa, Nateete

Shifa mwanangu, pole. Pole imekwisha, sasa nikugombeze. Ati kaka yako awe mume wako? Mimi ni Mkristo, lakini leo naazima astaghafiru yenu, maana kwetu sijapata neno la kutosha. Unampenda mtu kwa sababu anasema kweli, halafu unaingia ofisini kwake na mume wa uongo. Nateete watu wanajuana, watamtambua kabla hajaketi, na jina watakalokupa litakufuata mpaka madrasa. Hilo liache leo hii.

Swali lako la rais nalijibu bila kuzunguka: kwa mahubiri peke yake, hamwondoi. Kila rais anajua kukemea ulevi na kukaa safu ya mbele siku za ibada, na huwezi kumshinda mtu kwa bidhaa anayoiuza na yeye, tena duka lake ndilo kubwa. Muuza nyanya atampigia Obwona makofi akiyataja mambo ya waragi, lakini kwenye sanduku atakumbuka dawa alizokosa mtoto wake. Obwona angeweza, ndiyo, kama kila mwanamke aliyechoshwa na mlevi angetoka, na kura yake ikapata mlinzi. Sasa wanawake hao hao ndio anaowarudisha mlangoni wakalete waume, wale wale anaowasema jukwaani. Mwenye duka anayefukuza wateja asiseme jirani kamfilisi.

Mumeo usimfanye adui. Anaogopa, na ana sababu, mfanyabiashara asiye na mjomba serikalini halali usingizi wote. Wazee wakifanya dua yao, wapikie, mgeni akishiba haondoki na kura yako. Lakini lile neno la Lubaga usilimeze. Waite wajomba zake, mwite na walii wako aliyekuozesha, umwombe Rayyan alirudie mbele yao: kwamba anamwacha mkewe kwa sababu aliketi kituoni mchana kweupe, majirani wote wakimwona. Nadhani hatalisema. Akilisema, utajua ni nyumba ya namna gani uliyokuwa unaogopa kuivunja.

Halafu rudi kwa Akidi, peke yako. Mwambie hivi: "Nimekuja mwenyewe. Kura ya mume wangu ni ya rais, mkimtaka yeye mtamkuta dukani." Akikataa, mwulize Obwona yuko wapi, ukae hapo hapo mpaka atokee, umwambie na yeye. Wakikupokea, kaa kituoni usibanduke mpaka kura ya mwisho ihesabiwe. Obwona naye akikukataa, basi ameshashindwa uchaguzi wake, na rais hata hakuhusika.

Mimi nilifika Kampala nikikimbia vita, nauza vitenge, watoto wangu wamekulia hapa, na kura sina. Ningekuwa nayo nisingeibeba huku na huku nikiomba ruhusa. Wewe unayo, na ili uipige hakuna anayekudai mume. Siku hiyo amka, vaa, nenda, mpigie umtakaye. Rayyan akikuuliza umempigia nani, mwambie hayamhusu. Na mimi usiniandikie kunijulisha.