Kiapo Nilichomlisha Aidarus

Jomvu Kuu,
Mombasa.
Alhamisi, 12 Oktoba 1961

Mpendwa Shangazi Salme,

Assalaam aleikum. Barua yako ilinikuta barazani, nikiikumbuka sauti moja ambayo tangu mwezi wa saba haijanitoka masikioni: sauti kama ya njiwa anayepiga mbawa ndani ya chumba kilichofungwa. Nitakuambia ilikuwa ya nini. Kwanza nakuamkua, shikamoo, na kukuuliza hali. Goti limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kuushika ukuta? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Kikohozi kimemwacha baba. Mama amekuwekea achari ya ndimu, anangoja mtu wa kuileta huko Tanga.

Tunasikia Disemba mnapata uhuru wenu. Hapa kila baraza inazungumza habari hiyo, na watu husema maneno mazuri mpaka chai ikapoa. Mimi husikiliza, kisha akili inarudi nyumbani kwetu.

Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri, saa ambayo Jomvu yote hulala na jua hutanda juu ya matope ya hori ya bahari kama kioo. Niliisikia sauti hiyo chumbani kwa mdogo wangu Aidarus, nikadhani njiwa ameingilia dirishani. Nikasukuma mlango. Aidarus alikuwa peke yake mkekani, amefumba macho, anachanganya karata. Nikamwuliza anacheza na nani. Akasema hachezi, anasikiliza tu.

Wiki iliyofuata Lewa alikuja kututembelea. Ni kijana wa Rabai, anasoma na Aidarus chuo cha ufundi na amepanga chumba Changamwe. Alikaa muda mrefu akikizungusha kikombe bila kunywa.

“Dada Samiha,” akasema, “wenzetu wakiliwa pesa mchezoni hununa, wakaenda kulala. Huyu akila hatoki, akiliwa hatoki. Hata darasani mkono wake unakata karata ambazo hazipo.”

Ile bikari ya shaba ya kuchorea duara uliyomletea, aliyotuambia kamwazima mwenzake, iliishia huko kwenye kamari. Nisamehe kukuambia. Nilikuwa nimeyaona mengine pia, furaha isiyo na sababu Jumatatu na ukimya mzito Jumatano, nikayapita kama mtu anayeota.

Mama alipomwona anakonda, alisema ni husuda ya watu. Akamtengenezeshea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikayeyushwa kwa marashi. Aidarus alikunywa bila kubakisha tone, akambusu mama mkono, na kesho yake akaenda kucheza.

Mimi niliyesoma nilimcheka mama moyoni. Kisha nikafanya langu, baya zaidi. Nilimwambia Aidarus atie udhu, nikautoa msahafu wa bibi kwenye mfuko wake wa hariri, nikamlisha kiapo kwamba hatashika karata tena. Aliapa. Uso wake ulikuwa mzuri sana, shangazi, umetulia kama wa mtu aliyekwisha kusafiri. Siku kumi na moja nilitembea nikijiona nimemwokoa ndugu yangu kwa mkono wangu.

Siku ya kumi na mbili alicheza. Hakuniambia. Nilitambua kwa kuwa aliacha kuswali. Akisikia adhana alitoka na kofia yake kama kawaida, lakini badala ya msikitini alishuka horini. Nilimfuata, nikamkuta kati ya mikoko anayatazama maji yakijaa polepole.

“Zamani nilikuwa mcheza kamari,” akaniambia. “Sasa ni mcheza kamari aliyemwapia Mungu uongo. Nitaingiaje msikitini?”

Nikamwuliza anatafuta nini huko. Akasema si pesa. Ni ile dakika kabla karata haijafunuliwa, wakati kila kitu bado kinawezekana. Dakika hiyo naijua. Mimi pia hukaa na barua bila kuifungua.

Nikaenda kwa Maalim Mbwana, aliyetusomesha sote juzuu. Nikajitia kuuliza kwa niaba ya mtu fulani. Akaniacha nimalize, kisha akauliza kama mtu huyo ndiye aliyetaka kuapa, au ni dada yake aliyetaka.

Akacheka, akasema yeye aliacha kutafuna tambuu mara kumi na nne, kila mara kwa kiapo kikubwa kuliko kilichopita. Ya kumi na tano ilishika kwa kuwa mkewe alikitupa kijaluba chake cha tambuu majini, na jirani akawa anakuja kukaa naye saa ile ile ya kutafuna.

“Uraibu ni maradhi, mwanangu,” akasema. “Mgonjwa haapishwi, huuguzwa.”

Kiapo kilichovunjwa kina kafara yake, kulisha maskini au kufunga. Aidarus hana cha kuwalishia maskini kumi, kwa hiyo alifunga siku tatu. Nilifunga naye, kwa kuwa kiapo kilikuwa changu pia. Sasa chuo kikifungwa, Lewa humsindikiza kwa baisikeli, na saa ambayo wenzake hukaa kucheza, yeye huwa kwa Maalim. Ameanza kuingia msikitini, safu ya nyuma. Juzi aliteleza tena. Lakini mara hii alikuja kuniambia mwenyewe, hata kabla sijavua buibui.

Mama ananisihi tumsitiri, kwani baba alikwisha kusema mtoto atakayemwaibisha atamtoa chuoni, akabebe magunia bandarini. Ndiyo maana tunanong'ona. Na baba, kwa fahari yake, kila mwisho wa mwezi humtilia Aidarus pesa mkononi, bila kujua anachochea nini.

Nisalimie Bwana Hadi, Nadhira na wanawe, na Bi Dhahabu jirani yako. Mola akupe afya na usingizi mwema, na uhuru wenu uje na amani.

Jumamosi, 14 Oktoba

Shangazi, barua sikuifunga. Jana asubuhi nilimsomea Aidarus yote haya. Akasema nikitaka kumpa baba asome, yeye hataondoka pale. Mama alilia, akaingia ndani. Baada ya swala ya Ijumaa nilizitia karatasi hizi mkononi mwa baba, Aidarus ameketi mbele yake. Amezisoma mpaka mwisho.

Mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,
Samiha